Barua ya Jokha Niliyoisoma Kuanzia Kulia

Jambo hili hata marehemu mume wangu hakupata kulisikia kinywani mwangu, alilisikia kwa watu, na aliponiuliza nikamwambia hao waliomwambia ni waongo. Sasa nshazeeka, aibu zenyewe zimenichoka, basi sikilizeni: mie Riziki mnayenijua nliwahi kusimama mbele ya nusu ya watu wa kijiji cha Bwejuu nikasoma barua kwa sauti, kurasa mbili nzima, na herufi za kizungu nlikuwa siijui hata moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nlikuwa nnafanya kazi katika ofisi ndogo ya Mji Mkongwe, juu ghorofani, chini yake duka la nguo la Muhindi mmoja aliyekuwa akiimba kwa pua kutwa nzima (mpaka leo nikipita pale nnamsikia, na yeye keshakufa zamani na duka limekuwa jengine). Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuwatafutia mahala watoto walioshindikana majumbani. Sio watukutu wa kuiba maembe, hao kila nyumba inao. Hawa ni wale walioumia ndani, mmoja hasemi, mmoja akisikia kishindo hujigonga ukutani, na kila anayemchukua humrudisha baada ya wiki mbili.

Mkubwa wetu alikuwa Bi Salma, mwanamke mfupi anayevaa saa ya kiume. Yeye hakuwa akimtoa mtoto hapa na kumtua pale kama kikapu. Alizunguka nyumba zote alizopita mtoto, akauliza alifanya nini, na kabla hajafanya kulitokea nini, na kitu gani kilimtuliza, akaandika yote, kisha ndipo akatafuta nyumba inayomfaa mtoto yule hasa. Kazi yangu mie ilikuwa kupika chai, kufagia, na kufuatana na watoto wa kike safarini. Nlikuwa nimesoma chuoni, Kurani nimehitimu, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu nnakiandika vizuri tu, lakini zile za skuli nlikuwa nnaziona kama mende wamekufa kwenye karatasi.

Basi kulikuwa na Jokha. Miaka kumi na tano, mrefu, mwembamba, macho hayatulii. Alikuwa akisoma skuli mpaka mama yake alipofariki, na tangu hapo nyumba nne zimemrudisha. Ya kwanza aliuma mtu, ya pili alichoma godoro, ya tatu alilala juu ya paa siku mbili hataki kushuka, ya nne hawakusema kitu, walimwacha mlangoni kwetu na furushi lake wakaondoka. Bwejuu ilikuwa nyumba ya tano, kwa mjane mmoja, Bi Mize, msokota kamba za usumba wa nazi. Na daktari keshasema, hii ikishindikana basi tena, Jokha atapelekwa kwa wagonjwa wa akili akalale pamoja na wanawake wazima. Bi Salma alilizungumza hilo huku akitazama dirishani, asituangalie.

Siku ya safari yeye akashikwa na homa. Akaniita kitandani kwake, akanipa barua. "Riziki, humu mna kila kitu cha Jokha. Mpe Bi Mize, atafute mwalimu amsomee. Na wewe kaa hapa nikwambie kwa mdomo, yasije yakapotea."

"Nshajua Bi Salma, gari itaniacha!" (Gari haikuwa ikiniacha. Nlitaka kupita nyumbani kuvaa buibui jipya.)

Tukaenda, gari ikatuteremsha Paje, tukafuata ufuko kwa miguu. Jokha hakusema neno njia nzima, ila tulipopita penye mashimo ya makumbi akaziba pua. Mnajua makumbi ya nazi hufukiwa pwani miezi na miezi mpaka yaoze, ndipo wanawake wayafukue wayapige wapate usumba. Harufu yake, jamani, mtu anaweza kukiri kosa ambalo hakulifanya.

Kwa Bi Mize tukakuta watu wamejaa uani, wamekuja kumwona mtoto wa mjini. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba mpaka zikatuishia. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Nawe ni nani huko ofisini?" Ningesema mpishi wa chai ningekufa? Lakini nlikuwa na buibui jipya. Nikasema, "Mie karani."

Hapo ndipo nlipojichimbia shimo, na shimo lenyewe mtaliona.

Kaka yake Bi Mize, Mzee Pandu, mtu mkavu kama kuni, hakutaka dada yake aletewe mtoto asiyejulikana. Akasema, "Hebu karani, isome hiyo barua hapa hapa, sote tusikie anatuletea nini."

Nikasema labda tumngoje mwalimu wa skuli. "Wa nini mwalimu? Karani si wewe?" Watu wakacheka kidogo. Nikaifungua. Mende wale wale. Nikamtazama Jokha, kakaa pembeni kakumbatia magoti, nikaona nyumba nne zilizomrudisha na kile kitanda kinachomngoja huko mjini, na nawaambieni kweli, sikusema uongo kwa ajili ya buibui tu. Nliogopa wakijua watatufukuza. Nikaweka kidole kwenye karatasi nikaanza.

"Mtoto huyu ni mpole. Ni mcheshi. Anapenda sana watu wengi." Watu wakaitikia aah. Nikanogewa. "Anapenda kukumbatiwa, maana ni yatima. Na usiku hapati usingizi mpaka afungiwe mlango vizuri, kwa kuwa ni mtoto wa heshima." Nikaongeza na salamu kwa wazee, na shukurani kwa Mzee Pandu kwa jina (mwenyewe akashangaa kuwa mjini wanamjua), nikaikunja barua nikaitia kifuani.

Bi Mize akafuta machozi. Akainuka, na wanawake kama kumi nyuma yake, wakamwendea Jokha mikono wazi. "Njoo mwanangu, njoo!" Jokha akarudi nyuma, akaingia chumbani, nao wakaingia naye, na mmoja wao, aliyesikiliza barua kwa makini kuliko wote, akaufunga mlango.

Sijapata kusikia sauti kama ile. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Jokha akatoka mbio, kanga imebaki mkononi mwa mtu, Mzee Pandu akajaribu kumzuia akaumwa mkono, na mtoto akashika njia ya pwani. Na mie karani nyuma yake! "Jokha! Simama! Jokha weee!" Buibui linanitega, kiatu kimoja kimebaki kwa Bi Mize, na kijiji kizima nyuma yangu kama wanakwenda ngomani. Jokha mwepesi, akaruka mashimo ya makumbi kama paa. Mie sikuruka.

Nlizama mpaka kifuani. Makumbi ya miezi sita, na maji yake meusi. Kila nikishika ukingo mchanga unakatika nnarudi ndani. Watu wakajipanga juu, na mwanzo walikuwa na huruma, lakini mwanamke mmoja akasema, "Mtoeni, ataoza kabla ya siku yake," basi hapo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Pandu anacheka, mkono umevimba, anacheka.

Kisha wakapisha njia. Jokha alikuwa amerudi. Kasimama ukingoni, ananitazama. Akapiga magoti akanipa mkono, na mtoto yule alikuwa na nguvu, akanivuta mpaka nikatoka nusu, nikalala kifudifudi kama samaki. Akasema, na ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile, "Barua."

Nikaitoa, imerowa, wino umeanza kutembea. Akaifungua mbele ya watu wote. "Bi Riziki alikuwa anapeleka kidole kutoka kulia," akasema. "Hii inaanzia kushoto."

Nlitamani anirudishe shimoni.

Akasoma. Polepole, sauti nyembamba ya skuli, anasoma habari zake mwenyewe kama za mtu mwengine. "Msimfungie mlango. Siku mama yake alipokufa walimfungia chumbani asione, wakamsahau mpaka Alasiri. Msimshike ghafla, hata kwa mapenzi. Hapendi kuzungukwa na watu, hupenda kukaa kando akisikiliza. Akianza kuyumbayumba msimuulize ana nini, mpeni kazi ya mikono." Akageuza ukurasa. "Akikimbia msimkimbize. Hurudi mwenyewe."

Watu wote wakanigeukia mie na yale matope yangu.

Jokha akaikunja karatasi. "Basi mshajua," akasema. "Mnanitaka au hamnitaki?"

Mzee Pandu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, nikasema moyoni haya tena, tumekwisha. Akautazama mkono wake. "Mie ngurumo ikipiga nnaingia chini ya kitanda," akasema, "na nna wajukuu. Ila muulizeni mwenye nyumba."

Bi Mize hakusogea, keshasikia asimshike. Akasema kwa mbali, "Mlango wangu ulioufungua kwa bega, mwanangu, bawaba zake zimeliwa na mchwa, na sasa umeng'oka kabisa. Hata nikitaka kukufungia, sina mlango." Akaokota fungu la usumba lililopigwa, akaliweka mchangani, akarudi nyuma hatua mbili. "Na kazi ya mikono ndiyo hiyo."

Jokha akalisogelea fungu lile. Akakaa, akaanza kusokota, vibaya, na hakuna aliyemsahihisha.

Nlirudi mjini kesho yake, nimeoga mara tatu na bado abiria walinipisha upande mzima wa gari. Bi Salma nlimweleza yote. Hakunigombeza, alifungua dirisha tu.

Msidhani Jokha alipona palepale. Alikimbia mara mbili mwaka ule, na mara mbili akarudi mwenyewe, na mlango Bi Mize hakuutia mpaka Jokha alipouomba. Kila mwezi nlikwenda kumwona, na yeye ndiye aliyenifundisha herufi za skuli, kwa kijiti, kwenye mchanga mbichi maji yakishakupwa, na kila mara alianza kwa kunishika kidole akakipeleka kushoto. (Mtoto aliyekuwa hashikiki!) Siku moja, keshakuwa mtu mzima na watoto wake, nikamwomba radhi kwa ile barua. Akacheka. "Ile yako nliipenda pia, Bi Riziki. Mpole, mcheshi. Nlitamani iwe ndiyo yangu."

Basi tangu hapo, nikipewa karatasi nisiyoijua, iwe hospitali, iwe mbele ya sheha wa mtaa, nnasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: mie hii sijui, nisomeeni. Wanaotaka kucheka wacheke. Nshachekwa na Bwejuu nzima, nimo kwenye makumbi mpaka kifuani.