Cherehani ya Nsimire chini ya shuka

Nsimire ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Chibalonza, kwa hiyo ni mtoto wangu, na ninayoyaandika hapa ameniruhusu. Wengine kanisani wanasema amepoteza kazi kwa uvivu. Waje waseme mbele yangu.

Alishona vitambaa vya makochi katika kiwanda kimoja hapa Sydney, upande wa Bankstown, tangu binti yake Gloire ananyonya mpaka Gloire akampita urefu. Kisha makochi yakaanza kuja kwa meli, yameshashonwa, yamefungwa nailoni, bei yake chini ya ile ya kitambaa peke yake. Tajiri alivumilia, akavumilia, akafunga. Siku ya mwisho aliwapa keki. Miaka yote ile ya kuinama juu ya mashine, keki. Nsimire aliniletea kipande chake huku Merrylands, nikamwambia akiweke nje, wakile ndege.

Serikali ikasema wasihuzunike, kuna msaada wa watu ambao kazi zao zimeliwa na mali ya nje. Anayetaka ufundi mpya atalipiwa masomo, na mwenye ufundi tayari atapewa na vyombo vya kuanzia. Maneno mazuri. Nsimire alitaka kitu kimoja tu, kozi ya kufufua makochi ya zamani, yale ya mbao nzuri ambayo wazee wa hapa hawakubali kuyatupa. Alishanionyesha hata mahali atakapoweka meza, pale gereji.

Kabla kiwanda hakijafungwa, mama mmoja wa ofisi ya msaada huo alikuja pale, akawa anawaita mmoja mmoja. Symphorien, Mrundi aliyekuwa akipigilia fremu, alitoka anacheka. "Nimemwambia naweza yote," akasema. "Hata nisiyoyaweza nimemwambia."

Nsimire akaingia. Yule mama akamuuliza kupitia mkalimani wa simu, una ufundi gani? Sina. Una mashine nyumbani? Sina. Kuna kazi unafanya pembeni? Hakuna.

Na cherehani iko chumbani kwake, ile aliyoshonea kwaya nzima magauni ya Pasaka.

Basi akaandikwa kozi ya usafi. Mimi sidharau usafi, nimesugua sakafu za wazee nchi hii mpaka magoti yakagoma. Lakini mtu mwenye mikono kama ile unampa fagio kwa nini? Aliponiambia nilikuwa naosha sahani. Sahani hiyo haipo tena.

"Kwa nini umesema huna?"

"Mama mkubwa, unajua kwa nini."

Nilijua. Symphorien hawezi kujua, yeye alikuja na ndege kutoka Bujumbura na shati lake la pasi. Sisi tulipita kambi ya wakimbizi, Tanzania. Siku moja walikuja wenye kuhesabu watu, wapole, wanauliza nani ana ufundi, nani ana kitu. Chibalonza akaona fahari. Alitoa cherehani yake mpaka mlangoni, akasema, mimi ni fundi. Mgao uliofuata Nsimire, mtoto mdogo, alikwenda na ndoo kuchukua unga, akarudi na ndoo tupu. Walisema nyumba yenye fundi inajiweza. Tangu siku hiyo kila mwenye kitu alikificha, awe na mbuzi au redio, na mtoto akiulizwa anajibu hakuna kabla swali halijaisha. Nsimire hajaacha. Hapa hapa Sydney, mzungu mwenye karatasi akigonga mlango, hata awe wa umeme, cherehani inasukumwa chini ya kitanda na kufunikwa shuka.

"Tutakwenda ofisini kwao Parramatta," nikamwambia. "Utasema unayo."

"Watasema nilidanganya. Watanifutia hata hiyo ya usafi."

"Wafute."

"Wewe una pensheni yako. Ni rahisi kwako kusema wafute."

Lilinichoma jibu hilo, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Lakini mimi nikishasema sirudi nyuma. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake nimeshavaa viatu.

Kwenye treni akaniambia, "Leo usinisemee. Ukifungua mdomo tu, nashuka kituo cha Harris Park."

"Mdomo nimezaliwa nao."

"Ufunge na kitenge."

Ofisini tulimkuta mama yule yule, kikombe chake kina picha ya mbwa. Mkalimani kwenye simu alikuwa Mkenya, anakimbia na maneno. Nsimire akasema pole pole, kuna jambo sikulisema vizuri. Cherehani ninayo. Na kushona makochi ninajua.

Yule mama akatazama kompyuta. "Mara ya kwanza ulisema huna. Sasa lipi ni la kweli?"

Nsimire akatazama mlango. Mimi niliuma kitenge, kweli nilikiuma.

"La leo," akasema. "Kule nilikokulia, ukisema unacho, wanakunyang'anya."

Yule mama akatabasamu. "Hapa hakuna anayemnyang'anya mtu kitu chake."

"Na kazi yangu nani ameichukua?"

Mkalimani akamuuliza kama kweli anataka hilo litafsiriwe. Nsimire, ambaye hata kanisani anaomba kwa sauti ya chini, akaiinamia ile simu. "Kaka, mwambie hivyo hivyo. Usilainishe."

Akamwambia. Tabasamu likaondoka. Yule mama akagusagusa kikombe chake, halafu akasema sawa, atambadilishia. Atapata kozi ya makochi, ila nafasi zimejaa mpaka muhula ujao. Na vyombo vya kazi hapati, siku ya kuviomba imepita.

Symphorien alivipata. Walifukuzwa siku moja, wakatokea mlango mmoja, na yeye amepewa kwa sababu hakuna njaa iliyowahi kumfundisha kuficha. Huo nao wanauita msaada. Na yule mama hakuwa mtu mbaya, alitusindikiza mpaka kwenye lifti. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Hata wa kumtukana sikupata.

Tuliporudi Nsimire hakuvua viatu. Aliingia chumbani, akaivuta cherehani, akaibeba mpaka sebuleni na kuiweka dirishani, upande wa barabara. Pazia akalifunga fundo. Gloire akamuuliza kwa Kiingereza kama kuna wageni wanakuja.

"Hakuna wageni," mama yake akajibu. "Inakaa hapa."

Haikupita muda, mlango ukagongwa. Mzungu, ana karatasi mkononi. Niliona mabega ya Nsimire yakishtuka, na mkono wake ukaenda penye ile shuka ya kuifunikia, iliyokuwa mgongoni mwa kiti. Ukakaa pale juu ya shuka. Kisha akaushusha.

"Karibu," akasema.

Alikuwa mtu wa umeme. Alisoma mita yake, akaitazama cherehani kidogo, akaaga. Mimi nilimkazia macho mpaka akafunga geti. Hakuwa amefanya kosa lolote. Lakini hasira yangu ilikuwa bado ipo, na haikuwa na pengine pa kwenda.