Niliacha ugali kimya kimya Ruiru, mama mkwe akaja kukagua jiko la Thika

Wakuu, habari zenu.

Naona vijana humu wanabishana kuhusu diet ya kuacha wanga kana kwamba ilianza na simu zao. Niwape yangu ya miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi hata punje. Mwenye mkasa ni mimi na mashahidi wengine bado wako hai.

Wakati huo nilikuwa fundi wa pampu katika kiwanda kimoja Thika, na nyumba yangu ya kupanga ilikuwa Ruiru. Nilikuwa na mke, Mama Nyambura, watoto wawili, na kitambi.

Kitambi hicho kilisimamiwa na fundi Juma, mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na soko la Thika. Kila suruali iliponibana nilimpelekea, akafumua mshono wa nyuma na kuachilia kitambaa kidogo. Siku moja akaigeuza suruali, akaikagua kwa ndani, akanirudishia.

"Bwana Kamau, kitambaa kimekwisha. Sasa punguza wewe."

Hakuna daktari aliyewahi kunichoma hivyo.

Sikusoma sana shuleni, lakini nina tabia ya kununua vitabu vya mitumba na kujifundisha. Ndivyo nilivyojua redio, nyuki na umeme wa nyumba. Katika rundo moja la barabarani nikapata kitabu cha Kiingereza cha kupunguza uzani. Jalada lilikuwa limeng'oka, kwa hivyo hata leo sijui jina lake.

Mpango ulikuwa wa awamu tatu.

Ya kwanza ni kali. Hakuna ugali, wali, chapati, viazi, maharagwe, matunda wala sukari. Unakula nyama, mayai, samaki, mboga za majani na avocado mpaka ushibe.

Ya pili, unarudisha vyakula kimoja kimoja, kwa kiasi, huku ukiangalia mizani. Ya tatu ndiyo ya kuishi nayo.

Onyo lilikuwa moja: ukivunja awamu ya kwanza, unaanza upya.

Nikaamua nisimwambie mke wangu. Sababu ni nyuki. Nilipoanza mradi wa nyuki niliutangaza kwa kila mtu, nyuki wakahama, na kwa muda mrefu Mama Nyambura alikuwa akiwauliza wageni kama wamekutana nao njiani.

Safari hii nilitaka matokeo yatangulie maneno.

Sasa, utaachaje ugali bila mpishi wako kujua? Mke wa fundi Juma, Mama Rukia, alikuwa na kibanda cha chakula hatua chache kutoka kwa ile cherehani. Nikitoka kazini nilipita pale: mayai ya kukaanga, sukuma, avocado, na nyama ikiwepo. Chapati zake zilisifika. Mimi niliketi nikizipa mgongo.

Nyumbani nikawa mtu wa "leo tumbo si zuri" na "leo tulikula kazini". Mama Nyambura alifunika ugali. Nikadhani mpango unakwenda vizuri.

Na kwa upande wa mwili ulikwenda vizuri. Nilijipima kiwandani kwenye mizani ya magunia, wenzangu wakishaondoka, na sindano ilikuwa ikirudi nyuma. Nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari.

Kuna jambo kitabu kilitaja kwa mstari mmoja tu, na mlio kwenye diet hii mnalijua. Mwili ukikosa wanga, mdomo hutoa harufu, kama ya tunda lililoanza kuharibika. Mama Rukia akanipa karafuu za kutafuna. Nikawa natembea nazo mfukoni.

Hebu jiwekeni mahali pa Mama Nyambura.

Mume hali nyumbani, na anarudi ameshiba. Anakonda, lakini amechangamka, anapiga mluzi akinyoa ndevu. Mshipi ameutoboa. Halafu ananukia karafuu, yeye ambaye tangu aoe alinukia grisi tu.

Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hiyo sikuiona.

Jirani yetu aliyekuwa akiuza nguo Thika akamalizia kazi. Akamwambia mke wangu ameniona kwenye kibanda fulani, nikicheka na mama mmoja aliyejifunga leso kichwani.

Jumamosi moja nilitoka kazini mchana nikamkuta mama mkwe sebuleni. Sisi tulimwita Cucu, yaani nyanya, kwa sababu ya watoto. Alikuwa ametoka Gatundu na kiondo chake, bila taarifa, na alikuwa amesimama. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimejaa, kimefanya utando.

Kwa wasiojua desturi zetu: mama mkwe wa Kikikuyu haji kwa mkwewe ovyo ovyo. Akija, akakataa kiti na akakataa chai, hakuja kusalimia. Amekuja kuuliza kama mtoto wake apange nguo arudi kwao.

Kando ya chai palikuwa na sahani ya mukimo: viazi, mahindi na majani ya malenge, vimepondwa pamoja na kurundikwa mpaka kilele.

"Baba Nyambura," akasema, "mtoto wangu anasema chakula chake kimekushinda. Hiki nimepika mimi. Nacho kitakushinda?"

Niliutazama ule mukimo. Ukiondoa majani, hapakuwa na kitu ndani yake ambacho kitabu kilikiruhusu. Nami nilikuwa nimebakiza kidogo tu nivuke kwenda awamu ya pili. Nikajibu kama kitabu.

"Cucu, niko awamu ya kwanza."

Mama Nyambura akatokea jikoni na mwiko, akamgeukia mamake. "Umesikia, maitu? Kumbe ziko awamu! Na yule wa karafuu ni awamu ya ngapi?"

"Karafuu gani?"

"Ati karafuu gani! Na zinakutangulia mlangoni!"

Nikaleta kitabu. Nikainua shati, nikaonyesha mshipi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama.

"Mtu anaacha ugali kwa hiari yake?" Cucu akauliza. "Sisi wakati wa njaa tuliutafuta tukaukosa. Wewe unao, unaukimbia?"

Hapo Mama Nyambura akaketi, mwiko mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Nguo za watoto nimeshakunja."

Wakuu, nikakifunga kitabu.

Cucu akachukua kiondo. "Funika hicho chakula. Twende nikaone hilo jiko."

Tukaenda Thika watu watatu. Mama Rukia alipotuona akapangusa mikono kwenye leso ya kiunoni, na kabla sijafungua mdomo akamshika mke wangu mkono.

"Wewe ndiye mama wa nyumbani kwa huyu bwana wa mayai? Alhamdulillahi! Mimi nilijua umemwacha. Kila jioni mayai, hata kipande cha chapati hataki. Nikamwambia Juma, kwa huyu baba hakuna unga. Nilikuwa karibu kumchangia pakiti!"

Fundi Juma akapaza sauti kutoka kwenye cherehani. "Mama, lawama ni zangu. Nilimwambia apunguze tumbo, sikumwambia afanye siri." Akaja, akanigeuza kama gunia, akaivuta suruali kwa nyuma. "Ona! Kitambaa kimerudi!"

Mama Nyambura akamtazama Mama Rukia, mwanamke wa makamo ya Cucu mwenye mjukuu mgongoni. Akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Cucu hakucheka. Alivuta benchi, akaketi, akasema, "Nipeni chai."

Nikajua nimeoa tena.

Jioni niliumaliza mukimo wote, Cucu akiwa ameketi mbele yangu kuhakikisha. Kitabu kikasema nianze upya, na nikaanza upya, ila Mama Nyambura alikuwa ameshatoa amri: "Hizo awamu zote utazipitia kwa hili jiko."

Na hapo ndipo diet ilipokuwa tamu. Kumbe mboga zetu za kienyeji, managu na terere, zikikaangwa zinashinda mayai ya kila siku. Tulipofika awamu ya pili, Cucu alituma kutoka Gatundu kiazi kitamu kimoja, kidogo kama kidole gumba, na ujumbe kwamba ni cha kupima.

Fundi Juma aliibana ile suruali.

Funzo langu ni hili: kabla hujabadilisha sahani, ongea na mwenye sufuria. Kitabu kinajua wanga, hakijui nyumba yako. Na mwenye sukari au presha amwone daktari kwanza. Mimi ni fundi wa pampu.

Ninyi mlioacha ugali, mliwaambiaje nyumbani? Na kina mama humu, mume akianza kunukia karafuu mtangoja maelezo, au mtaita Cucu?

Ile suruali bado ninayo. Mfukoni kuna karafuu moja, kavu kama kokoto. Nimejaribu kuitupa mara kadhaa, Mama Nyambura anakataa. Anasema kesi ilisikizwa, haikufungwa.