Nilipopima Betri kwa Mikono

Mungu ananivumilia sana, maana majuzi mimi, mzee wa kanisa, nilijiaibisha dukani hapa Tottenham, London. Tunaishi kwenye boti mferejini, na betri ya taa na friji ilikuwa imekufa. Insulini ya mke wangu hukaa kwenye friji hiyo, kwa hiyo tulihitaji betri nyingine siku ile ile, tena ya bei nafuu.

Marehemu baba alinifundisha kuchagua betri kwa kuinyanyua: iliyo nzito ndiyo nzima. Basi mle dukani, mke wangu akiwa kando yangu, nikazinyanyua moja moja. Ile iliyotumika kidogo, ambayo muuzaji, Otieno, Mkenya mwenzetu, alitupunguzia bei, ilinyanyuka kama boksi la mikate.

“Ndugu yangu, hili ni ganda tupu,” nikasema mbele ya wateja, kisha nikamhubiria kuhusu mizani ya haki, kwa sauti ya mimbarini.

Otieno akaunganisha balbu kwenye betri hiyo. Ikawaka hadi nikafumba macho.

“Ni ya lithiamu, mzee. Ndivyo zilivyo, nyepesi.”

Duka zima likanitazama. Mke wangu akanigusa bega.

“Baba Neema, sasa mwombe msamaha, kwa sauti ile ile.”