Mwaka Niliokuwa Kijiko

Enzi zetu sisi tuliosoma Kitengela kabla haijaota maghorofa, mvua ikinyesha ulifika shuleni ukiwa mrefu kuliko ulivyotoka nyumbani. Ule udongo mweusi ulishika soli, ukashikana na mwenzake njia nzima, na ukifika langoni umeongeza inchi tatu. Tulikwangua viatu kwa vijiti huku tukisukumana na kucheka. Kiangazi nacho kilileta upepo wa kupeperusha sketi na vumbi la kutia ladha kwenye githeri, na nyumbu walikuja kuchungulia kwenye mianya ya ua wa miiba ya kayaba kama wanafunzi waliochelewa. Watoto wa Kitengela ya leo ukiwatajia nyumbu wanakuuliza hiyo ni estate gani.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ya tisini ikiyoyoma, na somo lililotutoa jasho lilikuwa Kiswahili, hasa ngeli. Msitucheke. Darasani tulikuwa Wamaasai, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba kama mimi, na kila mmoja alikuja na Kiswahili cha kwao. Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa "hiyo": hiyo kiti, hiyo mtu, hiyo ng'ombe. Mwalimu wetu, Madam Nafula, mwanamke mwembamba wa kutoka Bungoma mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alijaza ubao majedwali kwa wiki mbili. Tukafanya jaribio, tukataga mayai, sufuri tupu, darasa zima.

Kilichotuokoa ni porojo. Siku moja Madam Nafula alimsikia Lemayian, mvulana wa dawati la nyuma, akitusimulia jinsi ng'ombe wa maboma matano wanavyokunywa maji kwenye bwawa moja.

"Na hawachanganyiki?" Madam akauliza.

"Hapana, madam. Masikio iko na alama. Ukiona tu sikio, unajua hii ni ya kina nani."

Madam Nafula aliweka chaki mezani. Kesho yake akatutoa nje.

Alikuwa amechora maboma uwanjani kwa chokaa, kila ngeli na boma lake. Kila mmoja wetu alibandikwa karatasi yenye neno kifuani, na tangu hapo tukawa ng'ombe. Alama ya sikio ilikuwa ule mwanzo wa neno. Tulipiga magoti tukala nyasi, tukilia muu, muu, hadi filimbi ilipolia. Hapo ulikimbilia boma lako, na mwenzetu aliyekuwa bawabu wa boma akakutaka useme sentensi mbili, ya umoja na ya wingi. Ukikosea, fisi anakula. Fisi alikuwa Lemayian, na kula kwake kulikuwa kukutekenya mbavu mpaka uombe msamaha kwa lugha ya mama yako.

Ungetuona! Kiti kinakula nyasi chini ya dirisha la ofisi, ukuta unakimbizana na yai, mlango umeanguka na kuchubuka goti. Mimi nilikuwa kijiko. Kijiko changu kimepotea, vijiko vyangu vimepotea. Niliyajua hayo kwa magoti kabla ya kuyajua kwa kichwa, na mpaka leo hakuna wa kunibabaisha.

Lemayian naye hakuwa wa kutulia. Madam alipotueleza kwamba mbuzi, kwa kuwa ana uhai, huingia boma la A-WA, aliinua mkono. "Madam, na mbuzi akishaingia kwa sufuria? Bado ni huyu ama sasa ni hii?" Madam Nafula alicheka hadi akaketi nyasini na sketi yake safi. "Akiiva uniite," akasema. "Nitajibu nikishaonja."

Sasa, Mama. Mama alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni, na hakuwa mtu wa mchezo. Kwake shule ilikuwa dawati, kiboko na kimya. "Kitabu haichezwi," aliniambia kila asubuhi akinifunga vifungo vya shati kama anayefunga gunia. Jumatano moja, saa nne asubuhi, alipita kando ya ua wa shule na kiondo chake, akasikia milio, akachungulia. Akamwona bintiye wa pekee yuko kwa magoti, ana nyasi mdomoni.

Jioni aliniketisha jikoni. "Mwende. Nimekuona leo ukilia kama ng'ombe."

"Sikuwa ng'ombe, Mama," nikajitetea. "Nilikuwa kijiko."

Kuna ukweli usiomsaidia mtu. Usiku haujaingia sawasawa, uamuzi ulikuwa umepita: Jumatatu nahamia shule ya bweni huko Ukambani, ambako shangazi alikuwa matroni. Niliijua ile shule. Binamu yangu alitoka huko akiwa bingwa wa kukaa tu. Nililia Alhamisi nzima. Baba alinionea huruma, lakini katika mambo ya shule hakuthubutu kumpinga Mama. Nilikuwa nakwenda kupoteza kila kitu nilichokipenda, uwanja, fisi wangu na mwalimu pekee aliyewahi kunifanya nitamani kengele ichelewe.

Ijumaa Mama alikuja kuchukua barua ya kuhama. Alitukuta uwanjani, maboma yamejaa, mimi niko ndani ya KI-VI.

"Mwalimu," akasema, hata salamu hakuna. "Mimi nilileta hapa mtoto. Sasa nataka kujua, niko na mtoto ama niko na kijiko?"

Madam Nafula alimtazama, akatazama karatasi zilizobaki mkononi, akachomoa moja na kuibandika kwenye kiondo cha Mama. Iliandikwa MAMA.

"Karibu, Mama Mwende. Barua utapata. Lakini fisi amekuona, tafuta boma kwanza."

Na kweli Lemayian alikuwa ameanza kunyatia, meno nje. Boma la A-WA wakapiga kelele: "Mama anakuja! Ni wetu!" Boma la I-ZI nao wakaruka: "Tunasema mama yangu, hatusemi mama wangu! Ni wetu!" Wakamshika mkono huu, wenzao wakashika ule. Mama, mwanamke aliyeogopwa soko zima, akawa anavutwa kama kamba. "Wacheni mkono yangu! Nyinyi watoto, wacheni!" Sukuma wiki zikamwagika. "Mwende, kuja unisaidie!"

"Siwezi kutoka, Mama! Mimi ni wa KI-VI!"

Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani, cheko la msichana. Akachomoa mikono, akakusanya leso yake na kutimua mbio, fisi nyuma yake, akapita A-WA, akapita I-ZI, akaruka mstari wa chokaa na kuangukia KI-VI. Akanikumbatia hadi karatasi yangu ikakunjika.

"Mtoto wangu ako hapa," akasema akihema. "Na mimi niko hapa."

Bawabu alimgeukia mwalimu. Fisi naye alikuwa amekwisha kunja vidole tayari kutekenya. Madam Nafula aliondoa filimbi mdomoni. "Hilo kosa," akasema, "sitalisahihisha."

Mama aliokota sukuma zake huku tukimsaidia. Alipomaliza akauliza, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi, "Lakini mwalimu, hiyo mama ni ya boma gani kweli?" Madam akamweleza kwamba neno hilo lina kwao pawili: likitembea hutembea na A-WA, mama anakuja, lakini likiwa la mtu huitwa mama yangu, kama la I-ZI. Mama akatikisa kichwa. "Ni kama tu mtu ameolewa," akasema. "Kuko kwenu, na kuko kwako."

Barua hakuiuliza tena. Ijumaa iliyofuata alikuja kuniletea sweta ambayo sikuwa nimeisahau. Na iliyofuata akaleta kalamu. Muhula ule nilisahau vitu vingi sana, kwa maelezo yake, na kila mara fisi alimkuta tayari amekunja leso.

Siku hizi uwanja ule umebanwa na maghorofa pande zote, na watoto wanafundishwa ngeli na tablet inayowapigia makofi. Sisi wazazi tuna kundi la simu ambamo tunatuma vidole gumba. Mwezi uliopita mwalimu wa binti yangu, kijana mpole, alituita. Watoto walikuwa wanaigiza safari ya tone la maji, akaomba mzazi mmoja tu aje mbele awe wingu. Tulikuwa wengi, kwenye viti vya plastiki, tumependeza. Kila mtu akainua simu. Binti yangu, aliyekuwa tone, alinitazama mimi. Nikamwashiria kwamba narekodi. Mwalimu alingoja kidogo, kisha akaweka kiti kitupu pale mbele na kuwaambia watoto wajifanye hicho ndicho wingu.

Video ninayo. Imetoka safi, haitikisiki, na mwanangu anaonekana vizuri akikizunguka kile kiti, macho yake kwangu.