Neno Ambalo Kamati Ililikubali

Mimi kukaa sijui. Hata kwenye vikao vya kamati nilikuwa nazunguka meza, mpaka mchungaji, mjumbe mwenzetu, ananiambia, "Katibu, kaa, unatupa kizunguzungu." Enzi zile za ruksa, serikali ilipolegeza masharti, vyama vilichipuka Mwanza nzima, na chetu, cha kutetea wazee, kilikuwa ghorofani juu ya duka la vitenge pale Nyamagana. Chumba tulipewa bure na mwenye duka, naye alikuwa mjumbe.

Chai yetu ilipikwa uani na bibi mmoja aliyekikimbia kijiji chake, ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Mtoto wa jirani alikufa, watu wakaanza kuyasema macho ya bibi. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, maisha yake yote jikoni. Wao wakasema mchawi. Mwenzake mmoja alikuwa ameshakatwa mapanga. Mwenyekiti wa kijiji alimpelekea ujumbe, hicho chama kikiandika tamko nitalisoma mkutanoni, nawe utarudi nyumbani kwako. Hilo tu ndilo bibi alilokuwa akilingoja.

Sasa, tamko lenyewe. Wafadhili walitaka tuseme "mauaji ya vikongwe", bila kumung'unya. Mchungaji akasema tukiandika mauaji tumewaita waumini wake wauaji. Mwenye duka, ambaye wateja wake walitoka vijiji hivyo hivyo, akasema funika kombe mwanaharamu apite. Siku tatu tunavutana. Nilikasirika, nikachoka, nikaogopa chama kitanifia mikononi. Mwishowe neno nikalipata mimi mwenyewe: "matatizo ya wazee". Wote wakatia sahihi. Nilijiona fundi.

Nikateremka uani na nakala moja, wino wa mashine ya kurudufu bado unachafua vidole.

"Shikamoo, bibi. Tamko hili hapa."

"Marahaba. Nisomee."

Nikasoma mpaka mwisho. Akangoja, akidhani bado linaendelea.

"Matatizo gani?" akauliza.

"Ya wazee, bibi."

"Mimi sina tatizo, mjukuu wangu. Mimi natafutwa niuawe. Wakisomewa hayo, watajua mmewakataza nini?"

Nikaanza kuzunguka jiko.

"Kalamu unayo?"

Ilikuwa mfukoni mwa shati, bibi anaiona.

"Basi niandikie hapo, hilo la kuuawa. Kwenye hii yangu tu."

Nikamwambia, bibi, mpaka kamati ikae. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu, na hadi leo unanichoma.

"Haya," akasema. "Na ikae."

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akainama kupuliza moto.

Kamati ilikaa. Ikakaa tena, neno likabaki lile lile. Bibi tulimzika Ilemela, huku huku Mwanza, na maji yote yale kati yake na nyumba yake.