Magadi ya Jumamosi

Dorkasi alikuwa amechoshwa na miguu ya mama yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda darasani alipiga magoti, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakitoa, akalitazama shimo likibaki palepale kama kwenye ugali uliopoa. Kisha mambo yakawa yaleyale.

"Mama, umekula chumvi."

"Sijala."

"Miguu haidanganyi."

"Basi iulize hiyo miguu."

Dorkasi alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na sasa alikuwa amepewa ruhusa kazini kusoma uuguzi wa ngazi ya juu pale Dodoma. Somo lililowatoa wenzake jasho lilikuwa lile la namna ugonjwa unavyouharibu mwili hatua kwa hatua. Walipofika kwenye moyo uliochoka, yeye hakuhitaji kukariri, maana moyo wenyewe ulikuwa nyumbani kwake Area D, ukilala kwenye kitanda cha chumba cha pili. Alikuwa amemchukua mama yake, Bibi Loisi, kutoka kijijini Kibakwe, Mpwapwa, baada ya daktari kusema waziwazi kwamba asipoacha chumvi maji yatapanda hadi mapafuni, na hapo vidonge vya kukojoza havitafua dafu.

Kwa hiyo Dorkasi aliifungia chumvi kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Bibi Loisi alilitazama lile kufuli akaguna. Miaka michache tu nyuma, alipanga foleni tangu alfajiri kutafuta chumvi na sabuni, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Leo milango ya biashara imefunguliwa, duka la Praful pale mtaani limejaa chumvi ya pakiti mpaka dirishani, halafu mtoto wake wa kumzaa anaitia kifungoni.

"Kweli dunia imegeuka," alisema, akaenda jikoni kupika mlenda wake, ile mboga ya kuteleza. Mlenda wa Dorkasi alikataa kuula. Alisema hauvutiki.

Chumvi ikafungiwa, na miguu ikazidi kuvimba. Usiku Bibi Loisi alianza kulala ameegemea mito, akihema. Dorkasi alipekua chini ya godoro, akanusa sufuria, akaonja mboga, na kwa ulimi wake mwenyewe akakuta haina chumvi. Basi, akajiambia, anakula kwa jirani. Alikuwa na hasira ya mtu anayemwona mwenzake akizama huku akikataa kushikwa mkono.

Jumapili baada ya ibada akatoka moja kwa moja hadi kwa jirani yao Aneth, karani wa serikali, akamkuta ukumbini na wanakwaya wenzake wakinywa chai.

"Aneth, nakuomba, mama yangu akija jikoni kwako ficha chumvi. Anaiba."

Aneth alibaki na kikombe hewani. "Bibi? Dada Dorkasi, Bibi hajawahi kuniomba hata kiberiti."

"Ndiyo nasema anaiba, haombi!"

Wanakwaya wakatazamana. Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamemfikia mwenyewe, na Bibi Loisi, mzee wa kanisa huko kwao Kibakwe, hakupiga kelele. Alikunja khanga zake, akafunga mzigo.

"Kesho jioni atakuja mtu wa Mpwapwa na lori, nimeshaongea naye. Nikafie kwangu, ambako siitwi mwizi."

"Mama, kwenye vumbi lile hutafika!"

"Basi nisifike."

Jumatatu Dorkasi aliingia darasani akiwa amefura. Angemfanya nini mtu anayetaka kufa kwa ubishi? Mwalimu Ebenezer alikuwa akichora ubaoni: moyo unasukuma kidogo, damu inafika kidogo kwenye figo, nazo figo zinaamini mwili umekauka, kwa hiyo zinang'ang'ania sodiamu na maji.

"Figo msizilaumu," alisema. "Zimepewa habari pungufu. Sasa, mgonjwa anaapa ameacha chumvi na bado anavimba. Mnasemaje?"

"Anadanganya," mmoja alisema, na Dorkasi akaitikia kwa kichwa kwa nguvu.

"Na kama hadanganyi? Sodiamu inapitia mlango gani mwingine?"

Wakataja samaki wa kukaushwa, vidonge vya kiungulia, ile soda ya unga ya kuumulia maandazi. Dorkasi alikuwa akiandika neno soda, kalamu ikasimama.

Magadi.

Mlenda gani wa kwao hupikwa bila magadi, soda ile ya kuchimbwa ardhini? Konzi nzima mchana, konzi jioni, ili ulainike na uvutike. Na nani aliyeyanunua? Yeye. Kila Jumamosi sokoni, akichagua meupe yasiyo na mchanga, akigombana na muuzaji, akirudi nyumbani anajisifu kwamba mama yake hali magadi ya ovyo. Alikusanya daftari zake akatoka mbio. Hakuomba hata ruhusa ya kutoka.

Alimkuta Bibi Loisi kitandani, mzigo mapajani.

"Mama, ni magadi. Magadi ndiyo yanayokuvimbisha."

"Magadi si chumvi."

"Kwa moyo wako ni yaleyale, mama. Hukuiba. Hukunidanganya."

 Bibi Loisi akafungua pembe ya mzigo, akatoa kifurushi cha gazeti, akakiweka kwenye kiganja cha bintiye.

"Haya niliyafunga ya kwenda nayo. Nani aliyeniletea?"

"Mimi."

"Nilitaka kusikia tu."

"Nisamehe, mama. Usiende."

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba siibi, mimi sikudai kitu. Asiyejua ni Aneth na kwaya yake. Nikishasikia kwa masikio yangu umewaambia, nitafungua mzigo."

Jioni hiyo kwaya ilikuwa na mazoezi kwa Aneth. Dorkasi alipiga hodi, akaingia, nyimbo zikakatika. Lori lilikuwa tayari limesimama barabarani likinguruma.

"Aneth," alianza, karibu na sikio lake, "kuhusu yale maneno ya mama..."

"Paza sauti!"

Bibi Loisi alikuwa mlangoni, ameshika fremu, miguu imejaa ndani ya kandambili, mzigo kichwani.

"Jumapili hukunong'ona."