Mwanzo wa Dereva

Juzi mwanangu alikuwa akicheza sataranji kwenye simu, akaniuliza hawa watu ambao namna za kuanza mchezo zimepewa majina yao ni kina nani. Nikamjibu bila kufikiri, "Ni marehemu." Akacheka. Mimi sikucheka, rafiki yangu, kwa sababu nilikulia Garissa.

Miaka ya tisini, baada ya alasiri, wanaume walicheza shax kando ya ukuta wa hoteli ya chai, karibu na soko la mifugo. Walichora miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwingine, huyu akipanga vijiti, yule kokoto. Harufu ya mbuzi na ya iliki naisikia hata sasa. Kila namna ya kuanza kupanga ilikuwa na jina: ya Muuza Ngamia, ya Imamu, ya Kiziwi. Wenye majina hayo wote walikuwa wamekufa. Aliye hai mwanzo wake haukuitwa kwa jina lake, maana ilikuwa kama kumchimbia kaburi. Sharti hilo sikulijua bado.

Baba alikuwa dereva wa lori, na alikuwa na mwanzo wake: kona mbili kwanza, kisha kijiti cha tatu mahali usipopategemea kabisa. Siku moja mwalimu wetu, mtu wa bara aliyekuwa akijifunza mchezo, akauliza, "Na huu ni wa nani?" Nami kwa kimbelembele changu nikapaza sauti: "Ya Dereva!"

Jirani yetu, aliyekuwa akicheza na baba, akafuta uwanja wote kwa kiganja. "Astaghfirullah! Habana, mwalimu. Hiyo hakuna jina. Mwenyewe bado iko." Baba akanishika kichwa, akasema mimi ni mtoto tu. Lakini chai yake hakuimaliza.

Kesho yake akaondoka na mzigo kwenda Buna. Barabara za miaka ile unazikumbuka mwenyewe, na majambazi walivyokuwa wakivizia malori. Zikapita siku tano, zikapita tisa. Nyanya alivuta tasbihi bila kuniangalia. Niliogopa; mkate wangu wa canjeero nikawa nawapa mbuzi.

Siku ya kumi, nikitoka duksi, chuo chetu cha Kurani, nikapita pale ukutani. Mwalimu alikuwa akipanga: kona, kona. Jirani akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Ndiyo, hivyo. Hiyo ni ya Dereva." Kisha akainua macho, akaniona.

Najua risasi haikungoja kauli ya mtoto, lakini najilaumu mpaka leo. Wale wazee wamekwisha wote. Wakati mwingine najaribu kuupanga mwanzo wa baba mezani, kwa maharagwe. Kona mbili nazikumbuka. Kijiti cha tatu alikiweka wapi, sikumbuki.